Kocha Haugstad na ghala lisilokuwepo

Saa kumi na moja alfajiri mashine za kukaushia nguo zinanguruma chini ya jumba la michezo la Chuo cha Solheim, na Verlyn Haugstad anakunja jezi. Ni Alhamisi. Nje, barafu imeganda kwenye vioo vya magari, na mji wa Nordby, huku kaskazini mwa Minnesota, bado umejifunika blanketi.

Anakunja mikono ya jezi kwanza, kisha anaigeuza namba iwe juu. Akifika kwenye namba thelathini na mbili anatua. Anaitazama, anaikunja polepole kuliko zile nyingine, na kuiweka pembeni peke yake. Mwenye jezi hiyo amevunjika mtulinga, mfupa wa begani, na hatacheza tena msimu huu.

"Watu wanadhani kocha ni mtu wa kupuliza filimbi," anasema bila kuinua macho. "Mimi ni dobi. Filimbi ni kazi ya ziada."

Haugstad ana umri wa miaka sitini na saba, na huu ni msimu wake wa thelathini na nane kuifundisha timu ya Solheim. Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na kuangushana. Amepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda na hafichi. Magoti yote mawili yamefanyiwa upasuaji. Ukimuuliza anajisikiaje, hatafuti maneno ya kupamba.

"Nimechoka," anasema. "Andika hivyo hivyo, usiongeze chumvi."

Kuchoka kwake kuna sababu za kuonekana. Chuo kidogo kama hiki hakina fedha za kuwalipia wachezaji masomo, kwa hiyo kocha lazima awafuate vijana makwao na kuwabembeleza. Kila msimu wa baridi Haugstad huendesha gari kwenye barabara za theluji hadi mashambani, akavua viatu mlangoni, akaketi jikoni na wazazi. Anakunywa kahawa yao nyepesi na kula chochote kitakachowekwa mezani, maana ukikataa biskuti ya mama mwenye nyumba umeshamkosa mtoto.

"Nimekula biskuti za mama wa watu mpaka daktari akanikataza sukari," anasema. "Na bado mtoto anakwenda chuo kingine."

Mbali na timu, anafundisha somo la afya darasani, anaendesha basi wakisafiri, na usiku wa kuamkia mechi ndiye anayekwenda kuhakikisha vyoo vya jukwaani havijaganda. Mshahara wake haujawahi kufikia wa fundi bomba wa mji huu. Fundi bomba mwenyewe alimchezea zamani, na hupenda kumkumbusha jambo hilo akija kuzibua mabomba.

Lakini uchovu anaouzungumzia leo si wa magoti wala wa barabara. Una uhusiano na ile jezi iliyowekwa pembeni, na ili kuuelewa lazima kwanza mtu aelewe namna mzee huyu anavyoita mbinu zake.

Kila kocha ana lugha yake ya kuwaambia vijana wakimbilie wapi. Vyuo vikubwa hutumia namba na rangi. Haugstad alipokabidhiwa timu aliwatazama vijana wa mashambani aliokuwa nao, akaona namba zitawavuruga, akaamua kutumia vitu wanavyoviona kwa macho. Kusini mwa uwanja umesimama mnara wa maji wa mji, basi mbinu ya kukimbilia upande huo ikaitwa Mnara. Kaskazini kulikuwa na ghala kubwa jekundu la kuhifadhia nyasi za ng'ombe, mali ya jirani wa chuo. Mbinu ya upande huo ikaitwa Ghala.

Shida huja wakicheza ugenini, ambako hakuna mnara wala ghala. Huko Haugstad huwaingiza vijana uwanjani mapema na kuwaonyesha hewani kila kitu kilipo, nao wanaitikia kwa vichwa wakitazama patupu. Wenyeji wao hubaki midomo wazi. Watu wa Nordby husema ndiyo sababu Solheim hufungwa sana ugenini, na mzee hajawahi kuwabishia.

Miaka mingi iliyopita theluji iliangusha paa la ghala, na mwenyewe akalibomoa lote. Haugstad akaona haifai kuwafundisha vijana jina la kitu ambacho hawajawahi kukiona. Akalifuta. Mbinu za kaskazini zikaitwa Reli, kwa kuwa reli ya kusafirishia viazi inapita huko, na wachezaji wa leo hawajui jina jingine.

Isipokuwa mmoja. Soren Brekke, mkimbiaji bora wa timu na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ni mtoto wa Curt Brekke, mkulima wa viazi ambaye naye aliichezea Solheim chini ya Haugstad. Ghala ndiyo iliyompa Curt jina hapa mjini. Kila mara alikuwa akiitumia kukimbilia kaskazini, mpaka watu wakamtania kwamba anawahi kulisha ng'ombe.

Jumamosi ya tatu ya mwezi wa Oktoba Solheim walikuwa nyumbani, nyuma kwa pointi chache, na muda ulikuwa unayoyoma. Katika timu hii mchezaji anayeingia uwanjani ndiye hubeba neno la kocha kuwapelekea wenzake. Haugstad akamvuta Soren, akamshika bega, akamwambia neno, akamsukuma aingie.

Soren alipowafikia wenzake aliwaambia, "Ghala." Wakamkodolea macho. Muda wa kuelezana haukuwepo, akawaambia wamfuate kaskazini. Nusu walimsikia, nusu wakakisia tu, wakaelekea kusini kwenye mnara. Kijana akajikuta hana wa kumkinga mbele ya wapinzani wawili wenye miili mikubwa, wakamwangukia wote. Walioketi jukwaa la chini wanasema mlio wa mfupa waliusikia.

Alipokuwa akipandishwa kwenye gari la wagonjwa, mtu mmoja alimuuliza kulikoni. Soren akajibu kwamba alisikia vibaya. Kocha alisema Mnara, yeye akaenda kusikojulikana.

Mji ukaupokea uongo huo kwa mikono miwili, maana utani ni mwingi hapa na habari ni chache. Kijana akaanza kuulizwa njia ya kwenda chooni. Dukani akaelekezwa upande wa mlango. Orlin Moe, mkulima mstaafu ambaye hajakosa mechi tangu mke wake afariki, alikwenda kumnunulia dira ya plastiki ya watoto, ile ya kuonyesha kaskazini na kusini, akampa mbele za watu mgahawani. Soren aliipokea kwa mkono wake mzima, akacheka na wenzake, akaifunga kwenye mkoba wake wa vitabu.

Haugstad naye aliamini kwamba kijana alisikia vibaya. Hili ndilo jambo analolieleza kwa shida kuliko yote. Aliamini mpaka Jumapili jioni, alipoketi na msaidizi wake, Lamont Pettiford, kutazama video ya mechi kama wafanyavyo kila wiki. Kamera ilikuwa imemkamata pale ukingoni, mkono wake begani mwa Soren, mkono wa pili ukinyoosha kidole kaskazini. Na sauti ilisikika vizuri kabisa. Lamont aliinuka akazima mashine.

"Nilijisikia nikisema Ghala," Haugstad anasema. "Nikamuuliza Lamont, huyo ni nani anasema hivyo?"

Mkewe, Marlys, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, hakushangaa aliposimuliwa. Tangu kiangazi alikuwa akiona mambo na kunyamaza. Jioni moja mzee alitoka kwenda kununua maziwa, na Marlys akapigiwa simu na watu wanaoishi sasa kwenye shamba alikozaliwa mzee, wakimwambia mumewe ameketi garini kwenye ua wao. Wiki iliyofuata ile video, Marlys alimpeleka kwa daktari mjini Fargo. Daktari alisema kumbukumbu zimeanza kuchanganyika, kwamba huu ni mwanzo, na kwamba hakuna awezaye kusema safari itakuwa ndefu kiasi gani.

Tangu siku hiyo Haugstad amekuwa na neno la kusema na hajalisema. Anajua litamgharimu nini. Jumamosi hii ni mechi ya mwisho ya msimu, na kwa namna yoyote ile ni ya mwisho kwake. Akizungumza kabla yake, chuo kinaweza kumwondoa ukingoni. Tena mkuu wa chuo amekwisha kusema hadharani kwamba timu ni mzigo. Kocha aliyemvunja mchezaji kwa kupoteza kumbukumbu ni sababu tosha ya kuifuta.

Mlango unafunguliwa. Lamont anaingia na vikombe viwili vya kahawa, theluji mabegani. Alikuja hapa kutoka Gary, Indiana, akiwa kijana asiyejua koti zito ni nini, akacheza, akaondoka, akarudi kuwa msaidizi. Anamsalimia mwandishi, kisha anamgeukia bosi wake kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya jana.

"Kocha, nakuomba tena. Vuta subira Jumamosi ipite. Ukisema leo, mkuu wa chuo atapata habari kabla kahawa yako haijapoa."

"Azipate."

"Na wakiifuta timu je? Wale vijana waende wapi?"

Haugstad anamaliza kukunja jezi aliyoishika. Inachukua muda.

"Lamont, jana nilimwona yule mtoto anapita na dira inaning'inia kwenye mkoba," anasema. "Mimi ndiye niliyepotea, dira anabeba yeye."

"Mwenyewe hajalalamika hata siku moja, bwana."

"Ndicho kinachonimaliza."

Lamont anakaa juu ya kikapu cha nguo. Baadaye alimwambia mwandishi kwamba aliyekuwa akimwonea huruma siku ile hakuwa Soren wala timu. Alitaka tu mzee amalize Jumamosi yake akiwa amesimama pale anaposimama siku zote.

Kila Alhamisi ya msimu wapenzi wa timu hukutana kwa kifungua kinywa kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa la Kilutheri. Kuna mayai ya kuoka na soseji, kuna mkate mwembamba wa viazi uliopakwa siagi, kuna kahawa isiyokwisha. Kocha husimama akaeleza kilichoharibika Jumamosi iliyopita, na wao humweleza ambavyo wao wangefanya. Wengi ni wazee. Wachache ni wachezaji wa zamani, na Curt Brekke ni mmoja wao, mtu mpana, mpole, anayekaa karibu na mlango kwa sababu hapendi kukaa katikati ya watu.

Leo Haugstad hakugusa chakula. Orlin Moe, akiwa bado anatafuna, alimwambia kwa sauti ya kufika mezani kwa Curt kwamba mwaka ujao chuo kiwanunulie vijana ramani kabisa. Watu wakacheka. Curt hakucheka. Aliendelea kukata soseji yake vipande vidogo vidogo, vidogo kuliko inavyohitajika.

Haugstad akasimama. Waliomzoea walisubiri aanze na hali ya hewa, kama kawaida yake.

"Soren hakusikia vibaya," alisema. "Nilimwambia Ghala. Ninayo video. Mtoto alifanya kile kile nilichomwagiza, na akavunjika kwa sababu hiyo, halafu akanifichia."

Kelele za vijiko zikaisha.

"Lile ghala nilikuwa naliona. Nataka mnielewe. Sikuteleza ulimi. Nilitazama ng'ambo ya uwanja likawa limesimama, na mlango wake uko wazi. Na niliyemshika bega hakuwa Soren. Alikuwa Curt."

Akaeleza kuhusu daktari kwa maneno machache. Akasema Jumamosi Lamont ndiye atakayeita mbinu zote na yeye atabeba chupa za maji, kama wakimruhusu hata hizo. Halafu akasema lile alilokuja kulisema.

"Mimi nitanieni mtakavyo. Mtoto mwacheni."

Akaketi. Mama aliyekuwa akigawa kahawa alipita akajaza vikombe ambavyo tayari vilikuwa vimejaa. Mwishowe Orlin Moe aliinuka, mzee mwenyewe anatembea kwa taabu, akavuka ukumbi mpaka mbele ya kocha na kusimama pale akigeuzageuza kofia yake.

"Ile dira nitaifuata mwenyewe," alisema. "Leo hii."

Watu walipoanza kutawanyika, Curt Brekke alikuwa bado ameketi. Haugstad alimwendea. Mwandishi alikuwa karibu kiasi cha kusikia, na hakuna aliyemwambia aondoke.

Curt ndiye aliyeanza, na alianza kwa kujilaumu. Alisema Soren akiwa mdogo alimfundisha Ghala uani kwao, kamba ya kuanikia nguo ikiwa ndiyo ghala, jioni baada ya jioni, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kujivunia mbele ya mtoto. Angekaa kimya, Soren asingejua neno lile, angeduwaa kama wenzake, na mfupa wake ungekuwa mzima.

"Mimi ndiye niliyemtia hilo kichwani, Kocha."

"Ulimfundisha vizuri," Haugstad alimwambia. "Anavuta ile kofia kabla ya kukimbia, kama wewe. Anaanza na mguu ule ule. Kama ungemfundisha vibaya nisingekosea."

Curt aliweka mkono usoni. Alilia kama wanavyolia wanaume wa huku, bila sauti na kwa muda mfupi, kisha akaomba kahawa.

Mkuu wa chuo alipiga simu kabla ya saa nne, kama Lamont alivyotabiri. Alikuwa mpole, anasema Haugstad. Alimruhusu kuwepo ukingoni Jumamosi bila kuita mbinu. Kuhusu timu alisema yatazungumzwa baada ya msimu, na hakuna aliyeweza kupata kwake neno jingine. Kwa hiyo ukweli wa mzee umemgharimu sauti yake katika mechi ya mwisho, na huenda ukawagharimu wengine zaidi. Lamont analijua hilo. Alipoulizwa kama bado anadhani wangesubiri, alitikisa kichwa kwa namna ambayo haikuwa ndiyo wala hapana, akaenda kuwapanga vijana kwa ajili ya mazoezi.

Nyumbani, Marlys alikuwa amesimama mbele ya jokofu lililo wazi. Miaka yote ya ndoa yao mumewe hajawahi kula chakula cha mchana nyumbani siku ya kazi, na sasa anakaribia kuwa wa kupikiwa kila siku.

"Wanaume wa watu wanastaafu wakaenda kuvua samaki," alisema. "Huyu sijui hata anapenda kula nini mchana. Itabidi nimuulize, naye asahau, nimuulize tena."

Alisema akicheka, kisha akafunga jokofu na kuliegemea. Alisema anaogopa. Anaogopa siku atakayoamka na kukuta mumewe yuko mwaka ambao yeye Marlys hamo.

Haugstad alikuwa sebuleni amevua viatu, miguu juu ya kigoda, mtu aliyeishiwa nguvu. Mwandishi alimuuliza swali ambalo makala kama haya hayawezi kulikwepa, kwamba baada ya hapa ana mpango gani. Alifumba macho kwa muda mrefu kiasi cha kudhaniwa amesinzia.

Timu ikiwepo mwakani, alisema, atakwenda kukaa jukwaani na Curt, hapo karibu na ngazi ambapo si lazima kupanda. Mtulinga utakuwa umeunga. Utakuwa mwaka wa mwisho wa Soren, na angependa kumwona akikimbia bila yeye kuwa na neno la kusema, aone inakuwaje kutazama mpira kama watu wengine.

"Ila najijua," alisema. "Atapita pale mbele nami nitamwita Curt. Sitaki aje anisahihishe, wala sitaki anionee huruma. Ningependa aitike tu."

Jioni mwandishi alimkuta Soren nje ya ukumbi wa chakula, mkono wake umefungwa kitambaa kifuani, akijaribu kuvaa koti kwa mkono mmoja. Alikataa kusaidiwa. Alipoelezwa ombi la kocha alihangaika na zipu ya koti mpaka ikakubali.

"Ananiita Curt tangu mwezi wa Agosti," alisema. "Huwa naitika."